Jumamosi za kujitolea hadi Desemba: korongo na ukingo wa kijito Nyakach, tuanzie wapi?

Opon_Kano
Wadau, salaam. Tuko watu kama 25 wa kujitolea, wengi wakazi wa Nyakach ya Chini na wachache wanaotoka Kisumu mjini. Tumetenga Jumamosi asubuhi kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi katikati ya Desemba. Kazi ziko mbili. Ya kwanza ni korongo changa lenye urefu wa mita 80, upana wa mita 3 na kina cha mita 1.5, na kichwa chake kinazidi kupanda kuelekea shambani kila mvua ikinyesha. Ya pili ni ukingo wa kijito, mita 100 hivi, uliolimwa hadi majini. Mteremko wa sakafu ya korongo ni kama mita 5 kwa kila mita 100. Vifaa: majembe 14, sururu 3, wilbaro 2, panga. Mawe yanapatikana chini ya mwinuko wa Nyabondo. Tumeahidiwa miche 600, mingi ikiwa mikalitusi.

Tuanze na lipi? Na kwa nini vizuizi vya mawe vya jirani vilizungukwa na maji kabla msimu haujaisha? Wengine wanasema tusiguse kitu hadi tupate gabioni (vikapu vya waya vinavyojazwa mawe).

FanyaJuu_78
Opon, msianze ndani ya korongo. Korongo linalishwa na maji yanayotoka juu, barabarani, kwenye njia za ng'ombe na kwenye mapaa ya mabati. Mkijenga vizuizi huku mkondo wa juu ukiingia kama kawaida, mtakuwa mnayajengea mafuriko. Jumamosi mbili za kwanza ziende juu ya kichwa cha korongo.

Lakini kwanza pimeni udongo, maana udongo wa huko una tabia yake. Chukua punje kavu ya udongo wa ukingoni, ukubwa wa njegere, idondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua. Usitikise. Punje ikiporomoka tu na maji yakabaki safi, hamna neno. Maji yakigeuka kama maziwa kuizunguka punje, na wingu hilo likazidi kutanda ndani ya saa moja au mbili, basi udongo una magadi mengi na huyeyuka ukiguswa na maji. Maji ya bomba au ya kisima chenye chumvi yatakudanganya, tumia ya mvua.

Nadhani hapo ndipo vizuizi vya jirani yenu vilipofia. Kwenye udongo wa aina hiyo maji hayapiti juu ya ukuta. Hutafuta ufa pembeni, hutoboa kishimo cha ukubwa wa kidole, na baada ya mvua chache kishimo kinakuwa handaki na ukuta unabaki umesimama peke yake. Kwa hiyo maji yasituame karibu na kichwa cha korongo. Mtaro wa kuyakinga uwe mbali na kichwa kwa angalau mara 3 ya kina, yaani mita 4.5 kwenu, na ukienda mbali zaidi ni vizuri. Umwage kwenye nyasi zilizoshikana. Kuumwaga kwenye njia ya ng'ombe ni kuzaa korongo la pili, na hili la pili mtakuwa mmelichimba wenyewe.

Mwelekeo wa mtaro pimeni kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2, miguu iachane mita 2, mti wa kati, uzi na jiwe. Kuirekebisha: isimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama uzi unapokata mti wa kati, geuza miguu, weka alama tena. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Mtaro wa kuondoa maji unataka kushuka nusu sentimita kwa kila mita, kwa hiyo fungia kibao cha sentimita 1 chini ya mguu mmoja, na mguu huo ndio uende upande maji yanakoelekea. Ukizidisha mteremko, mtaro wenyewe utaanza kuchimbika.

Sasa vizuizi. Kimo sentimita 60 katikati, si zaidi. Kanuni ya nafasi ni kwamba mdomo wa kizuizi cha chini (pale maji yanapomwagika) uwe usawa na mguu wa kile cha juu. Kwa mteremko wenu ni kila mita 12, basi vizuizi 7. Anzeni kupima kutoka chini, mahali penye mwamba au sakafu iliyotulia, mkipanda. Kila kimoja kiingie sentimita 50 ndani ya kuta za pande zote mbili na 30 ndani ya sakafu. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 25 ili maji yajue pa kupita. Kizuizi kilicho bapa juu ndicho huliwa pembeni hata kwenye udongo mzuri. Upande wa chini tandazeni sakafu ya mawe ya mita 1 hivi, la sivyo maji yanayoanguka yatachimba shimo na ukuta utaangukia humo.

Mawe ya kingo kali yanashikana, ya mviringo ya mtoni yanaviringika. Kizuizi kimoja cha upana wa mita 3 pamoja na sakafu yake hula wilbaro 50 hadi 60. Kwa wilbaro 2, tegemeeni kimoja kwa Jumamosi.

Kuhusu gabioni: waya ni wa makorongo makubwa yenye maji mengi, na ukiwekwa vibaya kwenye udongo wa magadi hutobolewa chini vilevile. Kwenu ni hasara.

Siala_na_Mkuyu
Nakubaliana na FanyaJuu, nami naongezea upande wa kijito.

Mikalitusi irudisheni, au ipandwe mbali juu kwenye shamba la kuni. Ukingoni mwa mto haifai: inakunywa maji mengi na chini yake nyasi haishiki, udongo unabaki uchi. Ombeni siala, ober, mkuyu, mzambarau, na sesbania kwa ajili ya kukua haraka. Mkuyu hauhitaji hata mche, kipande cha tawi nene kama mkono, urefu wa mita 1.5 hadi 2, kikizikwa theluthi moja penye unyevu huchipuka. Mbegu za miti ya kienyeji zinapatikana KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, wana kituo Maseno.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande uachwe bila kilimo wala ujenzi, kupimwa kutoka alama ya mafuriko ya juu kabisa. Mkianza na mita 6 mwenye shamba hatakasirika sana. Kaeni naye kwanza, mbele ya mzee wa kijiji, na muandike: nani atakata nyasi, nani atavuna kuni, ng'ombe watanywea wapi. Msipoacha njia moja ya kunyweshea mifugo, watapita popote na miche itakuwa lishe.

Kwa mita 100 za ukanda wa mita 6, mistari miwili iliyopishana kwa nafasi ya mita 3 ni miche kama 66. Kwa hiyo 600 ni mingi mno, na hilo ndilo linaloua kazi nyingi za kujitolea: picha za miche mingi siku ya kwanza, mwezi wa pili hakuna hata mmoja. Afadhali 70 inayotunzwa.

Shimo sentimita 45 kila upande. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini kulia, na wa juu ndio urudi kwenye mizizi. Msipande kwa manyunyu ya kwanza. Chimba kidogo uone, unyevu ufike sentimita 30. Karatasi (mfuko wa plastiki) ya mche ipasuliwe na itolewe yote, na zikusanywe kwenye gunia moja. Mizizi ikiwa imejizungusha chini, kata sentimita 1 au 2 za mwisho. Shingo ya mche iwe usawa na ardhi: ukizika shina linaoza.

Penye mafunjo karibu na mdomo wa mto msipande chochote. Mafunjo hujirudisha yenyewe kutoka kwenye mizizi yake yasipochomwa na yasipolimwa.

Opon_Kano
Asanteni sana. Punje imeweka wingu, tena zito. Juu ya korongo kuna kichaka kikubwa cha lantana, tukitoe? Na nyasi ipi pembeni mwa vizuizi, napier au vetiva?

Menengai_B
Lantana msiifyeke kwa panga. Ukiikata juu ya ardhi inachipua mashina matano badala ya moja. Dawa ni kupiga sururu sentimita 3 hadi 5 chini ya shingo, pale shina linapogeuka mzizi, ukate, uuinue mti mzima na kuugeuza mizizi juu ukauke. Mizizi ya pembeni iliyobaki haina neno, machipukizi hutoka kwenye shingo. Fanyeni kabla matunda hayajaiva, ndege huyasambaza. Majani yake ni sumu kwa ng'ombe, msiyaache njiani yakinyauka.

Ila kwenu iko juu ya korongo. Kwenye mteremko, toeni kwa vipande, ukanda mmoja mkiacha mmoja, na palipotolewa pawekwe nyasi siku hiyohiyo. Miche ya mbegu itaendelea kuota, ing'oeni kwa mkono ikiwa midogo. Glavu nene, maana ina vimiba.

Busia_Malisho
Napier hushika vizuri na mwenye shamba anapata majani ya ng'ombe, lakini magharibi huku kuna ugonjwa wa udumavu: majani ya njano, shina fupi, vichipukizi vingi vyembamba. Huenezwa na wadudu wadogo warukao, na pia kwa vipando. Chukueni kutoka shamba lililotazamwa vizuri, ama tumieni brakiaria, nyasi nyingine ya malisho. Pembeni mwa vizuizi nitaweka vetiva. Vishina 2 au 3 kila shimo, majani yakatwe yabaki sentimita 20, nafasi sentimita 10 hadi 15. Mita 10 za mstari ni mashimo 70 hadi 100. Haipendi kivuli, kwa hiyo isikae chini ya miti. Katani pandeni juu ya ukingo kama ua wa kuzuia mbuzi, msiitegemee kushika udongo wa chini.

FanyaJuu_78
Wingu zito maana yake kila udongo mlioufunua ufunikwe. Msikate kuta za korongo ziwe wima. Zilazeni, mtandaze udongo wa juu, kisha nyasi. Jasi ikipatikana, inyunyizwe kwenye udongo na kuchanganywa kabla ya kupanda. Pale kizuizi kinapoingia ukutani, shindilieni udongo kwa tabaka za sentimita 10, ukiwa na unyevu kiasi cha kushikana mkononi. Mkavu haushikani, tope nalo hupasuka likikauka.

Nesi_Ahero
Mambo ya afya kwa ufupi. Maji yaliyotulia ya huko yana kichocho, kwa hiyo kazi ya kijitoni ni gambuti na glavu za mpira, na hakuna kuoga hapo baada ya kazi. Kila mtu athibitishe chanjo yake ya pepopunda. Mawe yaliyorundikwa tangu zamani yageuzwe kwa mtaimbo, si kwa vidole, nyoka hulala humo. Hakuna kukaa chini ya ukuta ulioning'inia, hata kupumzika. Radi huku huja sana alasiri, basi anzeni saa moja asubuhi na mmalize saa sita. Mkisikia ngurumo mapema, wekeni majembe na mitaimbo chini, mtoke kwenye uwazi na mbali na miti mirefu.

Siala_na_Mkuyu
Jambo moja la ratiba. Msitumie Jumamosi zote kujenga. Wekeni tatu za mwisho kwa kupalilia, kutandaza majani makavu, na kurudishia mawe yaliyosogea. Na muwe na watu wawili watatu wa Januari na Februari, lita 5 kwa mche mara moja kwa wiki, kwa sababu mavuno ya vuli yakiisha mifugo hufunguliwa na jua linawaka.