Boma la Mjerumani Tabora: libaki kambi tu, au nasi tuingie?

Ndugu zangu wa Tabora, mliopo na mliohama, naomba tulijadili hili bila jazba. Juzi kwenye kahawa nilisema boma la Mjerumani lifunguliwe kwa wananchi. Mzee mmoja akanijibu: "Likitoka mikononi mwa jeshi, masika mawili tu, bati zote zitakuwa zimeshauzwa." Wengi wakamuunga mkono. Hofu yake naielewa, lakini sikubaliani naye.

Boma lile lilijengwa karibu na mwaka 1900, miaka michache baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kuwasha baruti yake mwenyewe, Januari 1893, asikamatwe hai. Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji wakaingia mjini na askari wao kutoka Kongo. Akaja Mwingereza, kisha tukajitawala. Bendera zimepokezana, raia wa kawaida bado anapita nje.

Mwaka jana nilipita pale na binti yangu wa miaka tisa. Akasimama, akazikodolea macho zile kuta nene. "Baba, babu yake babu alikuwa humu?" Nyumbani tumesimuliwa kwamba mzee huyo alichukuliwa upagazi katika vita ile, akarudi na bega moja limeshuka. Nikatoa simu nipige picha, nikakumbuka ni marufuku, nikairudisha mfukoni. Jibu sikuwa nalo.

Mnaosema haiwezekani, tazameni Arusha: boma la Mjerumani ni makumbusho. La Mikindani ni hoteli, na hilo kwetu silitaki kabisa. Pale waliposimama askari na wapagazi pasigeuzwe sehemu ya kulia chakula. Halafu hapa hapa kwetu, Kwihara, tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limetunzwa na wageni wanaonyeshwa. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba mizigo ya hao wote, amewekewa chumba gani?

Wala sisemi jeshi liondoke. Libaki na lilinde, maana kwa ulinzi mzee wa kahawa amesema kweli. Litupe upande mmoja tu, wenye mlango wake, hata kama ni Jumamosi peke yake.

Sasa nawauliza wenye wazee waliopita Keya, lile jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika (KAR): medali, picha na barua zilizomo kwenye masanduku yenu, mtazileta? Kwa sababu tukienda kuomba chumba, swali la kwanza tutakaloulizwa ni tutaweka nini ndani.