Je, sindano ya saratani ya tezi dume ndiyo ile ya kuwahasi wabakaji?

Mwana wa Rufiji:
Wanajukwaa, salaam. Baba yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 68, amegundulika kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mifupa, na daktari ameshauri achomwe sindano ya goserelin kila baada ya siku 28. Mmoja wa ndugu amesoma kwamba dawa za aina hiyo hutumika kuwahasi wabakaji katika nchi nyingine, na sasa mzee mwenyewe anasita. Naomba kufafanuliwa: dawa hii hufanya nini hasa katika homoni za mwanamume, na je, mabadiliko yake ni ya kudumu?

Tabibu Mstaafu:
Pole kwa ugonjwa wa mzee. Ndugu yenu hakukosea, ila amewapa nusu ya habari. Amri ya kutengeneza testosteroni, homoni kuu ya kiume, huanzia ubongoni, katika haipothalamasi, ambayo hutoa homoni yake kwa vipindi. Tezi ya pituitari ikiipokea hutoa homoni ya LH, nayo husafiri katika damu hadi kwenye korodani na kuziamsha. Goserelin imeundwa kwa kuiga homoni ile ya kwanza, lakini yenyewe humiminika mfululizo, na pituitari iliyogongewa mlango usiku na mchana mwishowe huacha kuitika. LH ikikoma, korodani, ambazo ndizo chanzo cha takriban asilimia 95 ya testosteroni, nazo hutulia. Kiwango ambacho kwa kawaida huwa kati ya nanogramu 300 na 1000 kwa desilita moja ya damu hushuka chini ya 50 kwa muda wa wiki tatu au nne.

Kuna jambo la kumuuliza daktari mapema. Katika siku za mwanzo testosteroni hupanda kabla ya kushuka, na iwapo saratani imefika kwenye uti wa mgongo, kupanda huko kunaweza kuzidisha maumivu au hata kubana uti wenyewe. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa kwanza vidonge vya kuizuia homoni hiyo isifanye kazi, kama bicalutamide.

Tiba yenyewe si ngeni. Charles Huggins wa Chicago alionyesha mwaka 1941 kwamba saratani hii hustawi kwa homoni za kiume, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Wakili wa Kujitegemea:
Niongeze upande wa sheria. California ilipopitisha sheria yake ya kuwahasi wahalifu wa ngono kwa dawa mwaka 1996 ilitaja medroxyprogesterone, yaani dawa iliyomo katika sindano ya Depo ambayo kina mama wetu huchomwa kwa uzazi wa mpango. Korea Kusini ilianza kutekeleza yake mwaka 2011, Indonesia ikafuata mwaka 2016. Uingereza nako, mwanahisabati Alan Turing alipotiwa hatiani mwaka 1952 kwa mapenzi ya jinsia moja, alikubali kupewa estrojeni, yaani homoni ya kike, ili aepuke kifungo, akaota matiti. Kwa maoni yangu adhabu hii ina kasoro kubwa: hupunguza ashiki, lakini haigusi hasira wala tamaa ya kumtawala mtu mwingine, na nguvu yake hukoma sindano zikikoma. Mzee wenu hahukumiwi. Anaombwa ridhaa yake, na ana haki ya kukataa.

Mwana wa Rufiji:
Nashukuru sana. Mzee ana kisukari pia. Je, kuna hatari zaidi? Na akiacha dawa, homoni zitarudi?

Tabibu Mstaafu:
Kisukari ni lazima kitajwe, kwa sababu testosteroni ikipungua mafuta huongezeka tumboni, misuli hupungua na sukari huwa ngumu kudhibiti. Apimwe mara nyingi zaidi. Atarajie pia joto la ghafla lenye jasho, uchovu, kupotewa na hamu ya tendo la ndoa, na mifupa kudhoofika, hivyo mazoezi na vitamini D visipuuzwe. Dawa ikisimamishwa, homoni hurejea polepole kwa miezi kadhaa, ingawa kwa mwenye umri mkubwa aliyeitumia miaka mingi huenda zisirejee zote. Upasuaji wa kuondoa korodani hutoa matokeo yale yale kwa gharama ndogo, lakini huo haurudishwi nyuma. Mama mdogo naye ahudhurie kliniki siku hiyo, maana mengi ya haya yatamhusu yeye pia, na ni afadhali ayasikie kwa daktari kuliko kwenye kikao cha ukoo.