Nimenunua nyumba ya zamani Tabata, nataka kuikarabati mwenyewe niipangishe: naanzia wapi?

Mwekezaji Mpya
Habari zenu wakuu. Nimenunua nyumba ya zamani Tabata, vyumba kulia na kushoto, korido katikati, choo uani. Nataka niigawe sehemu tatu za kupangisha, kila moja na choo na jiko lake ndani. Hela imebana, kwa hiyo kazi nyingi nataka nifanye mwenyewe na mdogo wangu: kubomoa kuta mbili, rangi, vigae, hata waya. Jirani anasema ndani ya nyumba yangu sihitaji kibali cha mtu. Ni kweli? Kipi nifanye kwa mkono wangu, kipi nimwachie fundi?

Mzee wa Kenchi
Hongera kijana. Rangi, vigae, vitasa, masinki, hizo fanya. Kuta usiguse kwanza. Nyumba za aina hiyo nyingi hazina nguzo, kuta zenyewe ndizo zimebeba paa. Panda darini na tochi uone kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimelalia ukuta upi. Kama ni huo unaotaka kuutoa, bado inawezekana, ila unaegemeza kenchi kwa mirunda, unamwaga boriti ya zege, ikikomaa ndipo unabomoa chini yake. Ukubwa wa nondo akupe mhandisi, usikisie. Na ukikuta paa ni la asbestosi, usilikate wala kulisugua kwa brashi. Vumbi lake linaua mapafu, tena miaka mingi baadaye.

Chukua Chako
Mkuu, usijisumbue na ofisi. Zungushia mabati, pigeni kazi wikiendi. Nani atajua? Mtaani kwetu wote wamefanya hivyo.

Dada Ramani
Mleta uzi, ushauri huo usiufuate, nakuomba. Nachora ramani, na wanaolia kila mara ni wenye mtaji mdogo kama wako. Tabata iko Ilala, ambayo tangu 2021 ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo kibali unaomba Jiji. Vibali si vya kujenga upya tu, vya ukarabati navyo vipo. Kupaka rangi ni jambo dogo, lakini kubomoa ukuta, kuongeza vyoo na kugawa nyumba ni kubadilisha jengo. Andaa uthibitisho wa umiliki na mchoro wa nyumba ilivyo sasa na itakavyokuwa. Ukianza kimyakimya, siku wakipita wanakusimamishia kazi, fundi umeshamlipa, saruji inaganda stoo.

Ila kabla ya hayo, mkononi una karatasi gani? Na umehakikisha ofisi ya ardhi kwamba kiwanja hakiko kwenye hifadhi ya barabara? Kimara 2017 zilivunjwa nyumba nzuri kabisa kwa sababu hiyo. Ukifikiria kuweka fremu za maduka mbele, hayo ni mabadiliko ya matumizi, ombi lingine kabisa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007.

Mwekezaji Mpya
Asante sana dada. Hati ninayo, lakini bado ina jina la muuzaji.

Dada Ramani
Basi maliza uhamisho kwanza. Usizamishe hela kwenye nyumba ambayo kwenye karatasi bado ni ya mtu mwingine.

Umeme Safi
Waya kaa nao mbali kabisa. Nyumba za zamani unakuta waya mwembamba uliofungwa kwa ajili ya taa na redio, hata ethi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini, hakuna. Wewe unaleta familia tatu na friji, pasi na majiko. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, TANESCO watataka fomu yake ukienda kuomba mita. Na kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, ukinunua umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo ukifunga mita tatu fuatilia jengo moja lisikatwe mara tatu.

Mama Wapangaji
Mwanangu, hakuna aliyegusa choo, na ndicho kinachofukuza wapangaji. Shimo lililochimbwa kwa familia moja halitabeba tatu, masika likifurika linarudisha uchafu mpaka bafuni. Lipimwe kabla hujaweka kigae hata kimoja. Halafu tazama kuta kwa chini: ukiona rangi inabanduka na unga mweupe unatoka, hiyo chumvi. Ukipaka rangi juu yake itatoka tena. Kwangua lipu yote iliyooza, utafute maji yanakotokea, ukuta ukauke, ndipo upige lipu mpya kwa mchanga usio wa baharini. Hiyo kazi wewe na mdogo wako mnaiweza.

Mwekezaji Mpya
Shikamoo mama, nashukuru. Jumatatu naanza na uhamisho wa hati. Mzee wa Kenchi, nikipanda darini nitaweka picha hapa unisaidie kuangalia.