Naomba ushauri: nyanya za kuoka na jibini bichi, mkate usilowe

Habari zenu wapendwa. Jumamosi jioni nina wageni, na kwa joto hili nataka waanze na kitu chepesi kabla ya chakula chenyewe: vipande vya mkate uliobanikwa, jibini bichi juu yake, kisha nyanya zilizookwa.

Nyanya ndogo nazikata katikati, nazipanga upande uliokatwa ukitazama juu, natia chumvi, mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, halafu oveni nyuzi 200 kwa dakika 25 hivi. Zinatoka zimenywea, kingo zimeungua kidogo, utamu umekolea hasa. Tatizo ni ule mchuzi unaobaki kwenye trei. Ni mwingi, na ladha yote imo humo, kwa hiyo kuumwaga siwezi. Nikiumimina juu, mkate unalegea kabla mtu hajafika kipande cha pili.

Jibini natengeneza mwenyewe: lita 1 ya maziwa yenye mafuta yake, nayapasha hadi yakaribie kuchemka, natia maji ya limau, yakikatika nachuja kwa kitambaa safi.

Wenye uzoefu, je, nioke kwa moto mdogo, tuseme nyuzi 140 kwa saa mbili, ili maji yapungue? Jibini nilichuje muda gani liwe la kupakika bila kuachia maji? Majani ya mrehani nayatia mwishoni, maana yakiungua huwa machungu. Kuna anayefanya tofauti? Na nyanya zikiokwa siku moja kabla, ladha inabaki?

Natanguliza shukrani.