Mkeka wa mashine ya santuri: felti, mpira, koki au ngozi?

BengaUsiku: Wadau, habari zenu. Nimepata mashine ya santuri iliyotumika, Technics SL-1200MK2. Mkeka, yaani kile kitandiko cha duara kinachokaa chini ya santuri, umekuja wa felti (kitambaa cha sufi iliyoshindiliwa) nyembamba ya DJ; ule wake wa mpira ulishapotea. Mimi nasikiliza tu: LP (santuri kubwa) za rumba na zile 45 (santuri ndogo) za benga. Nikiinua santuri felti inapanda nayo, na besi naiona haijatulia. Ninunue mkeka upi? Naishi Umoja, vumbi halikosekani.

SindanoSafi: Mpira, bila kusita. Felti ni ya kuteleza, DJ ashike santuri huku sahani (ile duara ya mashine inayozunguka) ikizunguka chini. Wewe unataka santuri itulie. Sindano ikipita mferejini, sehemu ya mtikisiko hushuka kwenye plastiki hadi kwenye sahani ya alumini, kisha hurudi juu. Mpira mzito huumeza. Toa mkeka, gonga ukingo wa sahani kwa kucha, urudishe ugonge tena. Utasikia mlio unavyokatika.

MamaSanturi: Namuunga mkono kwa mashine yake, lakini tusiseme mpira ni wa wote. Mimi nina mashine ya Rega yenye sahani ya kioo. Mkono wake wa sindano hauna skrubu ya kurekebisha kimo. Ukiweka mkeka mnene lazima utie vipande vya kuinua chini ya mkono. Kwangu nimeweka ngozi nyembamba iliyokatwa na fundi wa Kariokor, upande wa manyoya juu. Januari na Februari, hewa ikikauka, felti ilikuwa ikinata kwenye santuri na kuvuta vumbi lote la nyumba. Ngozi haifanyi hivyo. Ila ichague ngozi isiyovutika, na uilaze chini ya vitabu kwanza, la sivyo kingo hujikunja.

FundiLuthuli: Na koki, ile ya vizibo vya mvinyo? Haina umeme tuli na ni nyepesi. Tatizo ni kwamba koki tupu humeguka, na chembe zake hutazipenda mferejini. Afadhali iliyochanganywa na mpira. Maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road huuza shiti za gasketi (vizibio vya injini) za aina hiyo; uliza ya milimita 3. Kata duara la sentimita 29 na kitu, kisha katikati utoe duara la sentimita 10 hivi. Hapo ndipo panakaa lebo, ambayo huwa nene kuliko sehemu ya mifereji. Usipopatoa, santuri inakaa juu ya lebo yake na mkeka haushiki chochote. Hili naliona muhimu kuliko ubishi wote wa mpira na koki.

BengaUsiku: Asante sana. Lakini nikibadilisha unene, mkono wa sindano si utakaa vibaya?

SindanoSafi: Utabadilika kidogo. Milimita 1 kwenye mkono wa sentimita 23 ni kama robo ya digrii. Mashine yako ina pete ya kupandisha na kushusha mkono yenye nafasi ya milimita 6, kwa hiyo huna shida. Weka santuri, shusha sindano, tazama mkono kutoka ubavuni: uwe sambamba na santuri. Mkia wa mkono (upande wa nyuma) ukiwa chini, sauti huelekea kuwa nzito. Ukiwa juu, huwa kali. Ukimaliza kimo, pima upya uzito ambao sindano inakandamizia santuri, mizani ikiwa karibu na kimo cha santuri yenyewe.

MamaSanturi: Na kabla ya kununua, mwanangu, safisha hizo 45. Uchafu ulioganda mferejini hakuna mkeka utakaouondoa.

FundiLuthuli: Ukipata mpira wa zamani, ukunje kidogo. Ukiwa mgumu na unang'aa, uache. Ukiwa bado laini, uoshe kwa maji na sabuni kidogo, uanike kivulini. Mimi kwa MK2 ningechukua huo mbele ya koki.

BengaUsiku: Basi naanza na mpira. Jumamosi napita Luthuli Avenue kuutafuta. Nikiukosa, naenda Kirinyaga Road kwa ile shiti ya milimita 3.