Naomba ushauri: zimwi langu liwe na utu?
Wakuu, salaam kutoka Mikindani. Naandika riwaya ya mji unaotawaliwa na zimwi, nimekwama. Mazimwi ya bibi yangu yalikuwa maovu tu: yanakula watu, basi. Lakini katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951, bado tuko chini ya Mwingereza), nchi iko angani ila uovu hauna pembe. Ni Waziri Majivuno anayemshitaki Karama kwa kufundisha sheria, na wajumbe wanaofungwa kwa kuleta mawazo mapya. Huo unanitisha zaidi.

Zimwi langu lilianza kama mtu aliyeuokoa mji na njaa. Sasa kila anayehoji anaitwa adui. Rafiki yangu anasema nikimpa sababu, namtetea dhalimu. Je, nimwachie utu wake au nimvue kabisa? Sura ya tatu nimeifuta mara nne.