Boma la Kale pale Sokoine Drive: lilikuwa gesti au ofisi?

Mama Nasra: Wakuu, Jumamosi nilikuwa nasubiri boti ya Unguja, jua kali, nikajificha Boma la Kale. Ndani kuna maonyesho ya majengo ya Dar, picha na ramani. Mwanangu akaniuliza, "Mama, hii nyumba ilijengwa iwe makumbusho?" Nikabaki nakodoa macho. Ilijengwa iwe nini?

Fundi Chokaa: Gesti, dada! Sultani Majid wa Zanzibar aliijenga miaka ya 1860 kulaza wageni wake, alipokuwa anauanzisha mji. Majid akafa 1870, mji ukadorora. Wajerumani walipokuja wakaifanya ofisi. Neno boma lenyewe linakwambia. Mimi nimefanya kazi ya kuta za namna hiyo: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Ukipiga saruji ngumu juu yake umeiua, unyevu unakosa pa kutokea na plasta inabanduka kama ganda la muhogo.

Kijana wa Feri: Kwa hiyo wageni, wakubwa, sasa picha. Mi nadhani bora hivi, angalau tunaingia na kandambili.

Mama Nasra: Ahsante kaka Fundi. Kumbe ndiyo maana ndani palikuwa baridi, ukuta mnene kama mkono wangu mzima! Ule mlango wa nakshi nao niliupapasa, mlinzi akakohoa. Niliondoka.

Fundi Chokaa: Alikohoa kwa haki.